Kroisanti Ya Moto, Donge La Zamani: Historia Ya Unga Uliovuka Bahari Ukiwa Barafu

Wadau, ingia mgahawa wowote wa kishua asubuhi, uwe Nairobi, Dar, Dubai au London. Kabla hujaiona hata menyu, harufu inakupokea mlangoni: siagi, sukari iliyoungua kidogo, mkate unaotoka ovenini. Kwenye kabati la kioo zimepangwa kroisanti, ile mikate ya siagi iliyopinda kama mwezi mchanga, bado za moto. Simu zinatoka, picha zinapigwa, na chini ya picha mtu anaandika kwamba zimetoka jikoni sasa hivi.

Hajadanganya, kweli zimetoka sasa hivi. Ila kwenye migahawa mingi duniani, donge la kroisanti hiyo halikukandwa humo ndani. Lilikandwa na kukunjwa kwenye kiwanda cha mbali, pengine wiki au miezi iliyopita, likagandishwa hadi likawa gumu kama jiwe, likapakiwa kwenye katoni, likapanda meli. Asubuhi hiyo kijana wa kaunta alifungua friza, akapanga vipande kwenye trei, akabonyeza kitufe cha oveni. Basi.

Ni biashara halali kabisa, na ni kubwa. Lakini nyuma ya kitufe hicho kuna watu ambao majina yao hayapo kwenye katoni wala kwenye vitabu: waliokesha, walioguna, walionusurika kufa kwa baridi. Ukiifuata historia yao, utakuta swali moja tu linarudi kila zama: mkate wa asubuhi ukiwa tayari, ni nani alikesha?

Mgunaji wa chini ya ardhi

Mkate una tabia moja mbaya: unazeeka haraka. Mkate wa Kifaransa wenye ganda kavu ukitoka alfajiri, jioni umeshaanza kukakamaa. Kwa hiyo mteja akitaka mkate wa moto saa moja asubuhi, lazima mtu mwingine awe ameamka usiku wa manane.

Paris ya karne ya 19, mtu huyo alikuwa chini ya ardhi. Bekari nyingi zilikuwa na tanuri kwenye chumba cha chini, na humo kibarua alikanda unga kwa mikono usiku kucha, kifua wazi, jasho likimtiririka. Wafaransa walimwita "geindre", neno ambalo masikioni mwao lilikuwa sawa na kusema "mgunaji", kwa sababu kila alipoinua donge zito na kulibamiza, alitoa mguno. Jina lake halisi? Hakuna aliyeuliza. Alijulikana kwa sauti ya uchovu wake.

Huku juu barabarani, mambo yalikuwa mengine kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1830, Mwaustria mmoja aitwaye August Zang alifungua duka la mikate ya Vienna kwenye mtaa wa Richelieu, na Paris ikapagawa. Miongoni mwa mikate hiyo ulikuwemo mmoja wa umbo la mwezi, babu wa kroisanti. Zang hakukaa sana. Mwaka 1848 alirudi Vienna, akaanzisha gazeti la Die Presse, akatajirika. Yeye historia inamjua kwa jina.

Hapa kuna stori moja ya kuwekwa sawa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1683, Waturuki walipouzingira mji wa Vienna, waokaji waliokuwa macho usiku walisikia adui akichimba handaki, wakapiga kelele, mji ukaokoka, nao wakaoka mkate wa mwezi kusherehekea. Ni stori tamu, ila ushahidi wa maana haujapatikana. Kroisanti ya matabaka tunayoijua leo ni kazi ya Wafaransa wenyewe, na mapishi yake yanaanza kuonekana mwanzoni mwa karne ya 20.

Na matabaka hayo ndiyo yaliyoongeza mateso. Anayejua kusukuma chapati za kukunja ataelewa haraka. Donge linasukumwa, linawekewa siagi, linakunjwa mara tatu, linapumzishwa kwenye ubaridi, linasukumwa tena, linakunjwa tena. Ukikunja mara tatu kwa mizunguko mitatu, unapata matabaka 27 ya siagi. Siagi ikiyeyuka katikati ya kazi, habari imekwisha, umepata mkate wa kawaida wenye mafuta. Ni kazi ya saa nyingi, na mteja anaimaliza kwa dakika tatu.

Waokaji walichoka, wakapambana. Tarehe 28 Machi 1919, Ufaransa ilipitisha sheria ya kukataza kazi ya kuoka mkate kati ya saa nne usiku na saa kumi alfajiri. Mwaka 1925 Shirika la Kazi Duniani nalo likapitisha mkataba wake namba 20, mahsusi kwa ajili ya kazi za usiku kwenye bekari. Hebu fikiria: katika kazi zote za usiku duniani, mwokaji alitungiwa mkataba wake peke yake.

Sasa ukawepo mtego. Mteja bado anataka mkate wa moto asubuhi, na mwokaji haruhusiwi kuanza usiku. Njia ya kutoka ilikuwa moja: donge litengenezwe mapema, kisha lisimamishwe lisiendelee kuumuka mpaka litakapohitajika. Na cha kulisimamisha kilikuwa baridi.

Nahodha aliyetambaa ndani ya baridi

Kusafirisha chakula kwenye ubaridi kulianza na nyama. Tarehe 15 Februari 1882, meli ya matanga iitwayo Dunedin iliondoka New Zealand kwenda London ikiwa na karibu mizoga 5,000, mingi ikiwa ya kondoo, na mashine ya kupoza hewa inayotumia mvuke. Safari ilichukua siku 98.

Walipofika maeneo ya joto la ikweta, hewa baridi ikawa haizunguki vizuri. Mzigo wote ulikuwa hatarini. Nahodha akaamua kutambaa mwenyewe ndani ya njia ya hewa baridi ili atoboe matundu mapya. Alikaribia kufa kwa baridi humo ndani, ikabidi msaidizi wake atambae nyuma yake, amfunge kamba miguuni na kumvuta nje. Mzigo ulifika London, na mzoga mmoja tu ndio uliotupwa. Kuanzia hapo wafanyabiashara wakajua kwamba chakula kibichi kinaweza kuvuka dunia.

Lakini kugandisha kwa mtindo ule kulikuwa kwa polepole, na polepole huzaa barafu ya vipande vikubwa vinavyochana chakula kwa ndani. Ndiyo maana ukigandisha nyanya kwenye friza ya nyumbani, ikiyeyuka inakuwa ujiuji. Aliyeleta jibu kibiashara ni Mmarekani Clarence Birdseye. Kati ya 1912 na 1915 alikuwa Labrador, mashariki mwa Kanada, kwenye biashara ya manyoya. Huko aliwaona Wainuit wakivua samaki kwenye baridi kali sana, samaki anaganda papo hapo, na miezi baadaye akiyeyushwa anakuwa na ladha ya samaki wa leo. Siri ni kasi. Kugandisha haraka kunatoa vipande vidogo vya barafu visivyoumiza.

Birdseye akatengeneza mashine, akaiuza kampuni yake mwaka 1929, na Machi 1930 vyakula vyake vilivyogandishwa vikaanza kuuzwa madukani Springfield, Massachusetts. Jina lake lipo kwenye pakiti mpaka leo. Wainuit waliokuwa na ujuzi huo vizazi na vizazi? Kwenye stori wanaitwa tu "wenyeji".

Bado barabara ilikuwa tatizo, maana chakula kikishuka melini au kutoka kiwandani kinapanda lori. Hapo anaingia Frederick McKinley Jones, Mmarekani mweusi aliyezaliwa 1893, akawa yatima mapema, akaacha shule akiwa mdogo na kujifunza ufundi gereji. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alibuni mashine ya kupoza lori iliyoweza kuhimili mitikisiko ya barabara. Kampuni aliyoshiriki kuianzisha ndiyo iliyokuja kujulikana kama Thermo King. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mashine zake zilitumika kuhifadhi damu na vyakula vya jeshi. Alifariki 1961. Nishani ya Taifa ya Teknolojia ya Marekani alipewa 1991, miaka 30 akiwa kaburini.

Meli ipo, lori lipo, mashine ya kugandisha ipo. Kilichobaki ni donge lenyewe, na donge lilikuwa kaidi kuliko nyama.

Donge lina uhai

Mzoga wa kondoo umeshakufa, kwa hiyo kazi ya baridi ni kuuzuia usioze tu. Donge la mkate ni tofauti. Ndani yake mna hamira, na hamira ni viumbe hai wadogo sana wanaokula sukari na kutoa hewa. Hewa hiyo ndiyo inayoumua mkate. Ukiligandisha donge, unataka viumbe hao walale bila kufa, wavuke bahari wakiwa usingizini, kisha waamke nchi nyingine na kufanya kazi kama hakuna kilichotokea.

Mwanzoni wengi hawakuamka. Barafu iliwachana. Na kulikuwa na tatizo la pili, baya zaidi: hamira ikifa inatoa kemikali inayolegeza gluteni, ule mvutano unaolifanya donge linyumbuke kama mpira. Kwa hiyo unapata hasara mara mbili, hewa haitoki ya kutosha, na hata ile kidogo inayotoka inavuja. Mkate unakuwa bapa.

Dawa ilipatikana kwa kujaribu na kukosea. Unga unakandwa kwa maji baridi sana ili hamira isianze kazi kabla ya wakati. Hamira inaongezwa kuliko kawaida, kwa kuwa sehemu yake itakufa tu. Unatafutwa unga wenye gluteni imara. Inaongezwa vitamini C, ambayo huimarisha donge. Kisha kipande kinapitishwa kwenye chumba chenye upepo wa baridi kali ili kigande haraka, na baada ya hapo kinatunzwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri au chini zaidi. Kufikia miaka ya 1960, familia za Marekani zilikuwa zinanunua madonge ya mkate yaliyogandishwa na kuyaoka nyumbani.

Wafanyabiashara wakaligundua jambo moja la pesa. Mkate ulioiva ndani yake umejaa hewa, kwa hiyo ukijaza kontena mikate unalipia nauli ya hewa. Donge bichi ambalo halijaumuka ni dogo na limeshikana. Kontena lile lile linabeba kroisanti nyingi zaidi zikiwa mbichi kuliko zikiwa zimeiva. Hewa inaongezwa huku huku, kwa mteja, bure.

Ila masharti yake ni makali. Baridi isikatike hata mara moja, kutoka kiwandani, kwenye lori, bandarini, melini, bandari nyingine, lori jingine, mpaka friza ya mgahawa. Kontena la baridi linachomekwa umeme melini na gatini kama simu inayochajiwa. Likisahaulika kwenye jua, donge linalainika, hamira inaamka na kuanza kula, kisha baridi ikirudi inaganda tena ikiwa imechoka. Kwa nje katoni inaonekana safi. Ubaya utaonekana wiki kadhaa baadaye, kroisanti ikikataa kuumuka mbele ya mteja, na mtu wa kulaumiwa atakuwa yule kijana wa kaunta.

Wakulima waliogeuka wafalme wa mkate

Hapo ndipo waliokuwa na macho ya biashara walipoamka. Mwaka 1967 mwokaji mmoja wa Uswisi alianza na bekari ndogo mjini Zurich. Akaja kutambua kwamba hoteli na mikahawa haikuhitaji mikate yake, ilihitaji kuwa na mikate ya moto bila kuajiri mwokaji. Akawauzia madonge yaliyogandishwa. Kampuni yake ikakua hadi nje ya mipaka ya Uswisi.

Ireland nako kulikuwa na stori yake. Mwaka 1897 wakulima walianzisha chama cha ushirika cha kununulia mbegu, mbolea na pembejeo kwa pamoja. Miaka 100 baadaye, mwaka 1997, kampuni iliyotokana na ushirika huo ilinunua biashara ya mikate iitwayo Cuisine de France. Jina la Kifaransa, kampuni ya Kiayalandi. Mbinu yake ilikuwa rahisi: mkate unaokwa nusu kiwandani, unagandishwa, unamalizikia kwenye oveni ndogo ndani ya duka la mtaani au kituo cha mafuta. Ghafla duka lililokuwa likiuza magazeti na sigara likaanza kunukia kama Paris.

Mwaka 2008 Waswisi hao na Waayalandi hao wakaungana, ikazaliwa Aryzta, moja ya kampuni kubwa kabisa duniani za mikate ya kugandishwa. Ikanunua viwanda huku na huku mpaka madeni yakaizidi nguvu. Mwaka 2018 ikabidi iwaombe wanahisa wake yuro milioni 800 ili isimame. Kumbe hata barafu inaweza kuunguza mtu.

Ufaransa yenyewe haikubaki nyuma. Kuanzia miaka ya 1980 viwanda vikubwa, vingine vikiwa Brittany, vilianza kutengeneza kroisanti za kugandishwa kwa ajili ya dunia nzima. Mgunaji wa chini ya ardhi nafasi yake ikachukuliwa na mkanda wa mashine wenye urefu wa ukumbi, na pembeni yake wafanyakazi waliovaa kofia za nyavu, wakifanya kazi kwa zamu. Na zamu, kama kila aliyefanya kazi kiwandani anavyojua, inajumuisha usiku. Usiku wa mwokaji ulikuwa umehamishwa mtaa tu.

Nani aitwe mwokaji?

Waokaji wadogo wa Ufaransa waliona hatari. Duka la jirani lina oveni, lina harufu, limeandikwa "boulangerie" mlangoni, na ndani hakuna anayejua kukanda. Wakapeleka vita hiyo serikalini.

Mwaka 1993 ikatoka amri kuhusu mkate: anayetaka kuuita mkate wake wa "tradisheni ya Kifaransa" asiugandishe hatua yoyote ya utengenezaji. Kisha tarehe 25 Mei 1998 ikapitishwa sheria kali zaidi: hakuna kujiita "boulanger" wala kuandika "boulangerie" mlangoni kama hukandi, huumui, hulipi donge umbo na huoki mwenyewe mahali unapouzia, na mkate huo usigandishwe hata mara moja. Mwaka 2022 UNESCO nayo ikaingiza ujuzi wa kutengeneza bagueti kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Ushindi, sivyo? Subiri kidogo. Sheria ile inalinda mkate. Kroisanti haimo. Maana yake duka linaweza kuitwa boulangerie kihalali, likakanda bagueti zake usiku kwa jasho, na kroisanti zilizo pembeni zikawa zimetoka kwenye katoni ya kiwanda. Mtalii anapiga picha zote mbili kwa furaha ile ile. Anachokiita "Paris halisi" nusu yake ilifika kwa lori la baridi.

Fundi makenika na karatasi za unga

Hii biashara isidhaniwe kuwa ya Wazungu peke yao. Mwaka 1977, Singapore, jamaa mmoja mwenye asili ya China, aliyefika nchini humo akiwa mtoto na kukulia kwenye ufundi wa mashine, alinunua biashara ndogo ya manda za popiah. Popiah ni chakula cha kufungwa kwenye karatasi nyembamba ya unga, ndugu wa sambusa kwa mbali. Manda hizo zilikuwa zikipikwa kwa mikono, moja moja, juu ya kikaango.

Jamaa akaingiza mashine, akazirekebisha, akagandisha manda zake na kuzipeleka nje. Baadaye wakaongeza chapati za matabaka, zile zinazoitwa paratha au parota. Leo anajulikana kama mfalme wa popiah na ni bilionea. Waliokuwa wakizungusha manda kwa vidole kabla ya mashine hawajulikani kwa lolote.

Parota nayo ilikuja kuzua timbwili kubwa India. Mei 2020, mamlaka ya maamuzi ya kodi ya jimbo la Karnataka ilitoa uamuzi kwamba parota za pakiti si sawa na chapati. Chapati ilikuwa ikitozwa asilimia 5, parota ikapangiwa asilimia 18. Sababu? Parota ya pakiti lazima ipashwe moto kabla ya kuliwa. Mitandao ikalipuka. Watu wa kusini, hasa wa Kerala, walianzisha alama ya #HandsOffPorotta, wakauliza kwa nini chakula chao ndicho kionekane cha anasa. Ubishi huo haukuisha mapema. Ni tarehe 22 Septemba 2025 tu ndipo India ilipofuta kabisa kodi hiyo kwa roti, chapati, paratha na parota, zote zikawa sifuri.

Ukitaka kujua kwa nini watu walikasirika kiasi hicho, angalia ni nani anayekula parota ya pakiti. Kerala imepeleka watu wengi sana kufanya kazi nchi za Ghuba. Mtu anayerudi chumbani saa nne usiku kutoka kwenye mjengo, chumba cha watu sita, hana muda wa kukanda wala mahali pa kusukumia. Anafungua friza, anaweka parota kwenye kikaango, dakika chache anakula kitu kinachofanana na nyumbani. Na kwenye majengo hayo hayo wapo walinzi kutoka Uganda, madereva kutoka Mombasa na dada wa kazi kutoka Tanga. Hawahitaji kufundishwa parota ni nini. Wakiionja mara ya kwanza wanasema: "Mbona hii ni chapati?"

Pwani iliyopata chapati mapema, baridi ikachelewa

Wako sahihi. Chapati na sambusa zilifika pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ya bahari, kwenye biashara ya karne nyingi na India, Uajemi na Uarabuni. Hata majina yalikuja na majahazi. Kilichokuwa kigeni kikawa cha nyumbani kabisa, kiasi kwamba leo sikukuu bila chapati ni kama haijafika.

Ujuzi wa mikono upo tele. Nenda Unguja au Mombasa siku za kuelekea Ramadhani, uwaone kina mama wanaotengeneza manda za sambusa kwa oda: wanasukuma, wanapaka mafuta, wanapandanisha, wanaunguza juu ya chuma, wanabandua kabla hazijakauka. Mwingine anabandua manda nyembamba kama karatasi bila kuipasua, huku anaongea na simu. Mashine ya kiwanda kufikia hapo ilihitaji mainjinia.

Kwa nini basi pakiti ya parota iliyoko kwenye friza ya supamaketi ya mjini mara nyingi imetoka ng'ambo? Ngano ni sehemu ya jibu, kwa kuwa Kenya na Tanzania zinaagiza nje sehemu kubwa ya ngano zinayokula. Lakini Singapore hailimi ngano hata kidogo, na bado imeuza. Sehemu kubwa zaidi ya jibu ni baridi. Ukitaka kupeleka manda Muscat au Toronto, unahitaji mashine ya kugandisha haraka, umeme usiokatika, ghala lenye nyuzi 18 chini ya sifuri, lori la baridi na kontena lililochomekwa. Giza la muda mrefu mtaani linatosha kuharibu mzigo mzima. Friza ya barazani inayouza barafu na aiskrimu haiwezi kubeba biashara hiyo, hata kama manda ni tamu kuliko zote duniani.

Ndiyo maana historia hii imewapa majina wenye baridi na kuwanyima wenye vidole. Zang, Birdseye na mfalme wa popiah wanajulikana. Mgunaji wa Paris, mvuvi wa Kiinuit, mpika manda wa Singapore na mama wa Unguja wanabaki kuwa "yule". Wakati mwingine mwenye jina anastahili kabisa, kama Jones, na bado sifa inamfikia akiwa ameshazikwa.

Hakuna sababu ya kuichukia kroisanti ya katoni. Imewapa watu wengi usingizi ambao babu zao hawakuupata, na imempa mfanyakazi wa Doha chapati usiku wa manane. Lakini bei yake ikiwa sawa na ya iliyokandwa jikoni, mteja ana haki ya kujua analipia nini. Wafaransa walihitaji sheria nzima kuuliza jambo ambalo yeyote anaweza kuliuliza kaunta kesho asubuhi, kwa adabu, kabla ya kupiga picha: "Samahani, hizi mnakanda hapa hapa?"

Jibu likiwa ndiyo, muulizie aliyekanda anaitwa nani, maana leo usiku ataamka tena.